Shemeji na Hesabu ya Pakiti Zilizotupwa

Shemeji yangu ana wivu, na ukimwambia hivyo hakatai. Atasema, "Ndiyo, nina wivu, nani hana?" kisha atazungusha maneno mpaka ionekane ni wewe uliyeanza. Si wivu wa kupekua simu ya mke wala wa kuuliza ulisalimiana na nani sokoni. Dada yangu angeweza kucheka na mwanamume yeyote kutwa nzima, shemeji asigeuze hata shingo. Wivu wake ni wa kazi. Kinachomkaba koo ni kusikia dada akishukuriwa kwa jambo ambalo yeye mwenyewe angeweza kulifanya.

Mama yake husimulia, kila tunapokwenda kumsalimia, kwamba kaka mtu alipougua surua utotoni, shemeji alijichora madoa tumboni kwa kalamu nyekundu ili naye abebwe. Wote hucheka. Shemeji hucheka pia, lakini huongeza, "Na kweli yule walimbeba sana."

Nilihamia kwao nilipomaliza chuo kikuu, nikawa natafuta kazi. Nililala chumba kimoja na mtoto wao, Kidoti, anayeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Mimi si mtu wa maneno mengi, na watu wakiniona na kitabu mkononi husahau kwamba nina masikio. Ndivyo nilivyoyajua haya.

Wote wawili wanafanya kazi katika kitengo cha kompyuta cha hospitali moja kubwa. Shemeji alianza pale kwa kutambaa darini akivuta kebo, akapanda mpaka akakabidhiwa swichi, yale masanduku ya chuma yanayopitisha mawasiliano ya jengo zima kutoka wodi hadi wodi. Dada alikuwa mapokezi akiandikisha wagonjwa. Siku moja kompyuta yake iligoma, shemeji akaja kuitazama, na dada akamuuliza imegoma kwa nini. Wenzake wote walikuwa wakiuliza itapona lini tu. Shemeji akaeleza, dada akauliza tena, na kesho yake fundi akarudi ingawa hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika.

Alimfundisha kila alichokijua. Walipooana akamhimiza asome masomo ya jioni, yeye akabaki nyumbani akimbembeleza Kidoti kwa mkono mmoja na kumsahihishia mama mtu mazoezi kwa mkono wa pili. Dada alipohamishiwa kitengo cha kompyuta, shemeji alimzungusha ofisi kwa ofisi kumtambulisha. "Huyu nimemtengeneza mwenyewe," alisema, kama anayezungumzia kabati. Wakati ule sifa za dada zilikuwa sifa zake, na hakuzionea kijicho.

Mambo yalibadilika hospitali ilipoamua kuachana na hifadhi yake ya zamani ya picha za eksirei, ikaleta seva tatu mpya, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia kompyuta nyingine. Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Seva moja ya chuma inaweza kubeba ndani yake seva nyingine nyingi zisizoshikika, kama nyumba moja yenye wapangaji wengi, kila mpangaji akijiona anaishi peke yake. Kisha diski za seva zote tatu huunganishwa kwa mtandao, zikawa ghala moja. Picha ya kifua cha mgonjwa haikai sehemu moja. Nakala zake hugawanywa baina ya seva hizo, ili moja ikifa, picha isife nayo. Kwa hiyo ule mtandao unaoziunganisha ndio uti wa mgongo. Ukiyumba, ghala zima linayumba.

Kila mtu alidhani kazi ya kulijenga ghala hilo ingekwenda kwa shemeji. Yeye alidhani zaidi ya wote. Lakini mkuu wa kitengo, ambaye wanamwita Chifu, alimsimamisha kwenye korido akamwambia, "Baba Kidoti, wewe baki na swichi zako. Hizi seva mpya tumwachie Mama Kidoti, yeye ndiye aliyesoma vitabu vyake vyote."

"Sawa kabisa, Chifu," shemeji alijibu.

Jioni ile alirudi akagombana na kitasa cha mlango.

Tulikaa mezani. Dada alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

"Leo zimewaka zote tatu," alisema.

"Kuwaka hata taa ya choo inawaka," shemeji alijibu akiwa ameinamia sahani.

"Baba Kidoti!"

"Nimesema nini? Nimesema zimewaka. Si jambo jema?"

"Baba, na ya choo imeungua," Kidoti alisema, na hapo tukapata mahali pa kucheka.

Wiki zilizofuata nilimwona shemeji akichongoka uso kidogo kidogo. Simu ya dada ikilia, alikuwa akitazama kwanza kioo chake, kisha uso wa dada, kisha simu yake mwenyewe iliyolala kimya kando ya chumvi. Dada akiulizwa jambo la kazi, shemeji alijibu kabla yake. Akisifiwa, shemeji alikohoa. Alianza kusema "zile seva zenu," kana kwamba yeye aliajiriwa hospitali nyingine.

Aliyemmaliza kabisa ni mpiga picha za eksirei, mzee mmoja mchangamfu wanayemwita Mzee Mwanga kwa sababu hata leo huinua kila kitu dirishani kabla ya kukiamini. Dada alikuwa amempa picha chache za majaribio kwenye ghala jipya. Mzee Mwanga akamkuta shemeji kwenye ngazi.

"Baba Kidoti! Mkeo ni mtu hatari. Picha nilizokuwa nazisubiri mpaka chai inapoa, sasa nikigusa tu, hiyo hapo!"

"Chai yako ilikuwa inapoa kwa sababu unaongea sana, Mzee," shemeji alisema, akapanda ngazi ambayo hakuwa na haja ya kuipanda.

Zilibaki siku chache kabla picha zote za wagonjwa hazijahamishwa. Siku ya kuzihamisha ndiyo ingekuwa siku ya dada. Ghala likipokea picha zote na kuzitoa salama, Chifu alikuwa ameahidi kulikabidhi kwake moja kwa moja, awe msimamizi wake. Likishindwa, angerudi kuzunguka maofisini kutoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Hakulizungumza sana jambo hilo, ila nilimwona akisahau chumvi, kisha akisahau kwamba amesahau.

Siku moja dada alibaki nyumbani na Kidoti aliyekuwa na homa. Shemeji akaingia chumba cha mitambo kuangalia kiyoyozi, kama alivyosema baadaye, akaona si vibaya kutupia jicho na seva za mke wake. Akafungua takwimu za mtandao wa ghala. Huko kila seva huonyesha pakiti ngapi zimeingia, ngapi zimetoka na ngapi zimetupwa. Pakiti ni vipande vidogo vinavyopatikana kila picha inapokatwa ili ipite kwenye waya. Ile hesabu ya zilizotupwa ilikuwa tarakimu ndefu isiyosomeka kwa pumzi moja, na kila alipotazama tena ilikuwa imepanda.

Kwenye seva za zamani, zile alizozilea yeye, safu hiyo ilikuwa karibu tupu.

Sijui alisimama pale kwa muda gani. Najua alivyorudi nyumbani. Alirudi anaimba. Alifagia baraza bila kuombwa, akambeba Kidoti mabegani, akausifu mchuzi ambao mimi niliupika na ulikuwa umeshika chini ya sufuria.

"Umeokota nini leo?" dada alimuuliza.

"Mtu hawezi kufurahi nyumbani kwake?"

"Anaweza. Nauliza tu."

Siku iliyotangulia mkutano wa kitengo alikuja chumbani kwetu, ambako ndiko kuliko na meza ya kupigia pasi, akiwa na shati lake jeupe.

"Shemeji, wewe ni msomi," aliniambia. "Nisikilize kidogo, unieleze kama ninaeleweka."

Nikafunga kitabu nikaacha kidole ndani. Akalitandaza shati, akaliangalia kama ndilo Chifu.

"Chifu, kwa heshima na taadhima. Mimi sina nia ya kumvunja mtu moyo. Lakini tunazungumzia picha za wagonjwa. Mapafu ya watu, Chifu! Na mtandao wa ghala letu jipya unatupa pakiti kwa malaki." Akanigeukia. "Niseme malaki au mamilioni?"

"Ni ngapi?"

"Inategemea umeangalia saa ngapi. Zinapanda."

"Basi sema zinapanda."

"Hapo ndipo ninapokupendea wewe." Akaendelea na kola. "Zinapanda, Chifu. Na mimi kama mwenye uzoefu wa mtandao..."

"Dada anajua?"

Pasi ilisimama.

"Atajua mkutanoni, kama wengine."

"Si umwambie kwanza, shemeji?"

"Kazi ni kazi, nyumbani ni nyumbani. Ningemkuta mtu mwingine na hesabu kama ile ningenyamaza?" Aliikandamiza kola mpaka ikaanza kutoa harufu. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuitegemea, akasema, "Nimekaa kwenye dari za hospitali ile mpaka magoti yameota sugu. Hakuna aliyewahi kuniita mtu hatari."

Nilimfuata dada jikoni. Sikuwa na ujasiri wa kusema yote, lakini nilisema kinachotosha: kwamba kesho shemeji angeongea juu ya seva zake, na si kwa kuzisifu.

Dada alikuwa anasugua sufuria. "Aseme," alijibu. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Kama kuna kosa, afadhali alione yeye kuliko mgonjwa."

Ya mkutanoni nimesimuliwa na Mzee Mwanga, ambaye alialikwa kwa ajili ya picha zake, na baadaye na wao wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Hawapingani sana. Shemeji alizungumza vizuri. Alionyesha tarakimu ukutani, kwanza zile za seva za zamani, tupu, kisha za seva mpya. Chumba kizima kiliguna.

"Maana yake picha za wagonjwa zinadondoka njiani?" Chifu aliuliza.

"Mimi nimesema pakiti, Chifu. Wewe umesema picha." Mzee Mwanga anasema hapo shemeji alijishika tai kama mtu anayepigwa picha.

Chifu akamgeukia dada. "Mama, unasemaje?"

Shemeji alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Alikuwa na majibu ya kila swali ambalo mke wake angeweza kuuliza, isipokuwa matatu, na hayo matatu ndiyo aliyomfundisha yeye mwenyewe zamani: pakiti zimetupwa kwa nini, hesabu ilianza lini, na kuna aliyeomba zitumwe tena? Kama dada angeuliza hata moja, mambo yangemwendea kombo palepale. Alijua hilo, aliniambia. Alijua akiwa amesimama mbele ya watu, akatumaini tu kwamba dada atakuwa na hasira na hasira itamsahaulisha.

Dada hakuwa na hasira. Alizitazama tarakimu ukutani, akamtazama mume wake.

"Mimi niliziona," alisema polepole. "Nilidhani si tatizo. Lakini kama yeye amesema ni tatizo, basi ni tatizo. Mimi nimesoma kwake."

Uhamishaji ukasimamishwa. Ghala likatoka mikononi mwa dada likaingia mikononi mwa shemeji, pamoja na nywila zote, ambazo dada alimkabidhi mbele ya watu.

Basi akawa amepata. Siku za mwanzo alitembea sebuleni kama mwenye nyumba aliyerejea kutoka safari ndefu. Simu yake ililia. Aliipokea akiwa amesimama, akizungumza kwa sauti ya wakubwa wa ghorofani. Dada alirudi kwenye printa. Jioni alikuja na vidole vyeusi vya wino, akanawa, akapika, akakaa.

Kitu kilichomtoka dada hakikuwa kazi peke yake. Alianza kuuliza mambo ambayo hakuwahi kuyauliza. "Baba Kidoti, gesi nimefunga au nadhani tu?" Alishika nguo kwenye kamba, akaniuliza imekauka au haijakauka, nayo ilikuwa imekauka kau. Kidoti alimletea hesabu za shule za kujumlisha, dada akazitazama, kisha akasema, "Mpelekee baba."

Shemeji alizipokea zile hesabu. Mke wake sasa alimuuliza kila kitu, kama zamani kule mapokezi, na nilimwona akijaribu kufurahi. Alijaribu kweli. Lakini ule uso wake uliochongoka ulibaki vilevile, na nadhani hapo ndipo alipogundua kwamba hata ukimpokonya mtu kitu, donge linaweza kubaki palepale lilipokuwa.

Halafu kulikuwa na kazi yenyewe. Alibadilisha kebo za ghala zote. Tarakimu ikapanda. Akabadilisha kadi za mtandao, kadi mpya zilizotoka kwenye maboksi yao. Tarakimu ikapanda. Akaagiza nusu ya seva zisizoshikika zihamishwe kutoka seva moja ya chuma kwenda nyingine ili mzigo upungue. Tarakimu ikapanda kwa mwendo uleule, kama inayomcheka. Chifu alianza kupita mlangoni na kukohoa.

Mwishowe, akiwa hana pengine pa kwenda, alijiuliza yale maswali matatu. Akaangalia kama kuna seva iliyowahi kuomba pakiti itumwe tena. Hakuna, tena si chache, hakuna kabisa. Seva inapoelemewa na kumwaga pakiti za picha, aliyetuma hulazimika kutuma upya, na hapo ndipo daktari anapokaa akikodolea kioo chenye kiduara kinachozunguka tu. Hapa hapakuwa na aliyetuma upya. Basi zilizotupwa ni za nani? Akazinasa kadhaa kabla hazijatupwa, akasoma zilikuwa zimeandikiwa nani.

Zilikuwa zimeandikiwa simu za mezani za wodini.

Aliniambia kwamba hapo alikaa kwenye kiti cha chumba cha mitambo. Maana swichi iliyounganisha ghala ilikuwa yake. Alipowaunganishia seva mpya, yeye, kwa mkono wake, aliacha milango yote wazi kwa mitandao yote, ukiwemo wa simu za wodini, kama alivyozoea kwenye kila swichi mpya, ili asisumbuliwe baadaye kuja kufungua. Kwenye seva za zamani milango hiyo ilikuwa imefungwa na aliyemtangulia kazini. Kwa hiyo kelele zote za simu za hospitali zilikuwa zikimwagwa mlangoni pa ghala la dada, na seva za dada, kwa adabu zote, zilikuwa zikizikataa. Hesabu ya takwimu haielezi kilichokataliwa ni nini. Pakiti iliyomwagika kwa kuelemewa na ile iliyokataliwa kwa sababu si yake, zote huingia kwenye tarakimu moja.

Aliinuka akafunga milango ya simu kwenye swichi. Tarakimu ikasimama tuli.

Kilichofuata ni kwamba Chifu alipita, akaona, akaita watu.

"Mnaona? Mnaona tofauti ya mtu wa siku nyingi?" alisema Chifu, na kitengo kizima kikapiga makofi. Dada naye alikuwepo.

"Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha," alituambia jioni, akimtazama mumewe kwa macho yasiyo na hata chembe ya kijicho. Shemeji aliinama akafunga kamba za viatu ambavyo alikuwa karibu kuvivua.

Jumamosi walikuwa wanakunja mashuka sebuleni. Mimi nilikuwa kwenye kochi na kitabu. Wamezoea kukunja pamoja, kila mmoja ncha mbili, wanavuta, wanakaribiana, wanapokezana.

"Hebu niambie," dada alisema, "ulifanyaje?"

"Nini?"

"Zile pakiti. Nifundishe."

"Ah. Mambo madogo. Nilibadilisha kebo."

"Kebo tu?"

"Kebo, na kadi kidogo."

Dada akavuta shuka likanyooka. "Kumbe. Basi Jumatatu nitamwomba Chifu tubadilishe na kwenye seva za maabara na za famasia. Nazo nimeona zinatupa. Nilikuwa nazipita tu siku zote, mjinga mimi. Tena nimewaambia na vijana wa chuo waliokuja mafunzoni: mkiona pakiti zimetupwa, anzeni na kebo."

Shemeji alisimama na ncha zake mkononi. Nilikuwa nimemwona akimeza mambo mengi katika nyumba ile, lakini hili halikushuka.

"Usiwaambie hivyo," alisema.

"Kwa nini?"

"Siyo kebo, Mama Kidoti."

"Si umesema..."

"Najua nilichosema. Sikiliza." Alitazama shuka, hakumtazama yeye. "Nesi akisimama kwenye korido akaita jina, nani anasikia?"

"Wote waliokaa kwenye mabenchi."

"Nani anaingia?"

"Mwenye jina."

"Na wale waliobaki kwenye benchi, wamepoteza kitu?"

Nilimwona dada akifika kwenye jibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani na kukuta tayari yuko juu. "Hawajapoteza. Hawakuitwa wao." Kisha akasema, "Zilikuwa za nani?"

"Simu za wodini."

"Zilipitaje mpaka kwenye ghala?"

"Kwenye swichi."

"Swichi gani?"

Shemeji aliinamisha uso kwenye shuka. Dada aliziachia ncha zake. Shuka likaanguka baina yao.

"Kumbe nilikuwa sawa," alisema. Ndilo jambo la kwanza alilosema, na hakulisema kwake wala kwangu. Halafu sauti ikabadilika. "Umejua lini?"

"Kabla ya makofi."

"Kabla ya makofi."

"Mama Kidoti, sikiliza..."

"Nimekusikiliza! Nilikusikiliza mbele ya watu wote, nikakupa kazi yangu kwa mikono yangu miwili! Nimekaa humu ndani naogopa hata kuwasha jiko, nadhani akili zimenitoka, na wewe unaniangalia. Unakula, unaniangalia!"

"Roho iliniuma," shemeji alisema. "Basi. Sina neno jingine. Walikuwa wanakusifu, ikawa inaniuma hapa." Alijigusa chini ya koo.

"Na sasa imepona?"

Alifikiria kwa uaminifu, nadhani ndicho kilichomwokoa. "Bado," alisema.

Dada alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Jumatatu utamwambia Chifu. Mbele ya wote."

"Wote?"

"Wote waliopiga makofi. Na mimi nitakuwepo, maana nilipiga kuliko wote."

Shemeji alilala sebuleni siku hizo mbili, miguu ikining'inia nje ya kochi, na Kidoti alidhani ni mchezo akataka naye alale sebuleni. Dada aliongea naye yale ya lazima tu. Lakini gesi aliifunga mwenyewe, bila kuuliza mtu.

Jumatatu alisema. Mzee Mwanga anasimulia kwamba aliongea kwa ufupi, tofauti na desturi yake, na kwamba alipofika kwenye maneno "swichi ilikuwa yangu, na nilijua kabla hamjanisifu," Chifu alivua miwani akaifuta kwa tai, akaivaa tena, akamtazama kana kwamba miwani bado ina ukungu. Ghala likarudi kwa dada saa ileile. Picha zingehamishwa wiki hiyo. Na shemeji, mpaka uhamishaji uishe na hata baada yake, angefanya kazi za mtandao wa ghala chini ya maelekezo ya msimamizi wake.

Walirudi jioni pamoja, dada mbele, shemeji nyuma yake hatua kadhaa. Shemeji alikaa mezani, akaweka mikono juu ya kitambaa.

"Haya, bosi," alisema. Alitaka kutania, lakini neno lilimtoka limejikunja. "Nianze wapi?"

Dada alikuwa anamimina maji. Alimaliza, akakaa upande wa pili.

"Anza na swichi zote za jengo, siyo ile moja. Funga kila mlango usiohitaji simu."

"Zote? Hizo nyingine hazina shida."

"Zina shida, ila haijaonekana."

"Mimi nimeziendesha miaka yote hiyo, Mama Kidoti. Zote za nini?"

Nilimwangalia. Roho ilikuwa inamuuma palepale, wazi, shingo imetuna, macho madogo. Dada naye aliiona. Hakuipaka mafuta wala hakuikwepa. Alivuta kikombe na kijiko na kifuniko cha sukari, akavipanga mezani, akaanza kumweleza kifuniko ni nini na kijiko kinakwenda wapi, na hesabu itasomekaje siku pakiti za kweli zitakapoanza kumwagika huku zimefunikwa na hizo za simu. Shemeji alisikiliza akiwa amekunja uso mpaka alipomaliza. Kisha akasogeza kijiko, akauliza swali la pili, kama dada siku ile ya mapokezi.